Sura ya Nne: Gharama ya Kutoka, Gharama ya Kurudi

Machi 2017 ujumbe wa Serikali ya Kenya uliingia Ikulu ya Dar es Salaam na ombi la madaktari 500. Hospitali za umma za Kenya zilikuwa ndiyo kwanza zimetoka kwenye mgomo wa siku 100, na kaunti zilihitaji watu. Rais John Magufuli akakubali. Tangazo likatoka, madaktari wa Kitanzania wakapeleka vyeti vyao. Kabla hata mmoja hajavuka mpaka wa Namanga, madaktari wa Kenya walikwenda mahakamani, wakisema nchini mwao wako wenzao waliosoma na hawana ajira, na mahakama ikausimamisha mpango. Aprili Magufuli aliagiza madaktari 258, wale walioomba na kukidhi vigezo, waajiriwe na Serikali ya Tanzania.

Magazeti yaliisimulia habari hiyo kama siasa za majirani. Ndani yake kulikuwa na jambo zito zaidi kwa kila mzazi mwenye mtoto sekondari. Nchi mbili zenye uhaba wa madaktari zilikuwa, kwa wakati mmoja, na madaktari wasio na kazi. Shahada ya udaktari Tanzania ni miaka mitano darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa utarajali, kisha usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Watu waliovuka yote hayo walikuwa wanangoja kibali cha ajira. Wagonjwa walikuwapo tele. Kilichokosekana ni nafasi yenye mshahara kwenye bajeti ya serikali. Mhitimu wa uhasibu wa mwaka huohuo, akikosa kazi wizarani, angeweza kushika vitabu vya duka la vipuri Kariakoo, vya chama cha ushirika, vya shule binafsi au vya kampuni ya mabasi, na mwisho wa mwezi akalipwa na kila mmoja wao.

Hapo ndipo penye swali la sura hii. Shahada ipi humpa mtu nafasi ya kugeuka maisha yanapogeuka? Wengi hupima jambo hilo kwa kuhesabu kazi ambazo mwenye shahada anaweza kuzifanya, na kwa kipimo hicho kila taaluma hujisifu. Kipimo cha haki zaidi kina pande mbili. Upande wa kwanza ni gharama ya kutoka: mtu akiamua kuiacha kazi aliyosomea, anapoteza kiasi gani, na lazima aongeze cheti gani ili apokelewe kwingine? Upande wa pili husahaulika, nao ni gharama ya kurudi: baada ya miaka kumi nje, taaluma yake itampokea tena? Udaktari, sheria, uhasibu na uhandisi hutoa majibu tofauti kabisa, na tofauti hizo hazionekani siku ya mahafali.

Uhasibu uanze, kwa kuwa ndio wenye gharama ndogo kuliko zote.

Reginald Mengi alizaliwa Machame, Kilimanjaro, akasomea uhasibu Uskochi, na mwaka 1971 akarudi nyumbani kufanya kazi katika kampuni ya ukaguzi ya Coopers. Alipanda humo hadi kuwa mwenyekiti na mbia mkuu. Katikati ya miaka ya 1980, wakati maduka ya Tanzania yalikuwa matupu na hata kalamu ya wino ilikuwa bidhaa adimu, alianza kuunganisha kalamu nyumbani kwake. Mwaka 1989 akaacha ukaguzi moja kwa moja. Kampuni yake ya IPP ikaingia kwenye sabuni, dawa za meno, soda za Bonite kule Moshi, kisha magazeti, na mwaka 1994 kituo cha televisheni cha ITV. Alipofariki Mei 2019, Watanzania wengi walimjua kama tajiri wa vyombo vya habari, na wachache walikumbuka kwamba alianza kama mkaguzi wa hesabu.

Katika safari yote hiyo hakuhitaji cheti cha pili. Mkaguzi hukaa miaka akisoma vitabu vya biashara za watu wengine: anaona kiwanda kipi kinakufa kwa riba, kipi kinaibiwa ghalani, kipi kinapata faida bila kelele. Akiondoka, maarifa hayo anaondoka nayo yote, na kila biashara aingiayo ina hesabu. James Mwangi wa Kenya ni ushahidi mwingine. Mhitimu wa biashara wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mhasibu aliyesajiliwa, mwaka 1993 alijiunga na Equity, chama cha ujenzi na mikopo ya nyumba ambacho kwa hesabu kilikuwa kimeshafilisika. Mwaka 2004 Equity ikawa benki kamili na yeye akawa mtendaji wake mkuu. Peter Ndegwa, aliyeichukua Safaricom mwaka 2020, alipitia ukaguzi wa hesabu, kisha biashara ya bia, kisha simu.

Kurudi nako ni kwepesi. Mhasibu aliyekaa miaka minane kwenye kilimo cha maua bado anaweza kulipa ada, kuhudhuria mafunzo yanayotakiwa na bodi ya wahasibu, NBAA upande wa Tanzania au ICPAK upande wa Kenya, na kuhuisha usajili wake. Viwango vya kuandaa hesabu hubadilika, lakini havibadiliki kiasi cha kumfanya mtu awe hatari kwa mteja wake siku ya kwanza kazini.

Sheria ina tabia yake. Ndiyo taaluma ambayo Tanganyika iliipa nafasi ya kwanza: chuo kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961, katika jengo la chama cha TANU Mtaa wa Lumumba, kilianza na kitivo cha sheria pekee. Dola mpya ilihitaji watu wa kuandika sheria zake na kuzisimamia mahakamani. Tangu hapo shahada ya sheria Afrika Mashariki imekuwa na maisha mawili, moja ya mahakamani na moja ya kila mahali pengine.

Maisha ya mahakamani yamezungushiwa ukuta. Tanzania, tangu Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo ianze mwaka 2008, mwenye shahada hawi wakili mpaka apite hapo, na ukuta huo ni mrefu kweli. Oktoba 2022 matokeo ya kundi moja yalitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote kwa mara ya kwanza walikuwa 26, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 waliondolewa. Waziri wa Katiba na Sheria akaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Mjadala ulikuwa mkali: ni vyuo vinavyofundisha vibaya, au ni taasisi inayokaza mno?

Katika kelele zile kitu kimoja hakikupewa uzito. Hao 265 waliondoka bila uwakili, lakini shahada zao hazikufutwa. Mwenye shahada ya sheria asiyekuwa wakili hupokelewa kwenye idara ya mikataba ya benki, kwenye rasilimali watu, kwenye mashirika ya haki za binadamu, kwenye bima, ardhi, siasa na habari. Anaumia, ndiyo, na miaka ya matumaini imepotea. Hata hivyo yuko mbali na hali ya mhitimu wa udaktari aliyekwama kabla ya leseni, kama tutakavyoona.

Na waliofika mbali kwa sheria hutembea kwa uhuru ambao taaluma nyingine huuonea wivu. Willy Mutunga alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1971, akafundisha sheria Nairobi, akawekwa kizuizini mwaka 1982, akafanya kazi ya haki za binadamu, akaingia kwenye taasisi ya Ford, na mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu wa Kenya bila kuwahi kuwa jaji hata siku moja. Tulia Ackson alikuwa mhadhiri wa sheria Dar es Salaam, akateuliwa naibu mwanasheria mkuu wa serikali mwaka 2015, na mwaka huohuo akawa naibu spika. Akawa spika mwaka 2022, kisha mwaka 2023 rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Mwanasheria wa aina hiyo akishindwa uchaguzi kesho, keshokutwa anaweza kuomba upya hati ya kufanya kazi ya uwakili na kufungua ofisi. Ndiyo maana mabunge yamejaa wanasheria. Kwao siasa ni kazi ya kwenda na kurudi.

Kwa wahandisi maelezo ni mafupi. Mhitimu husoma miaka minne, akajiandikisha kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, na lazima afanye kazi chini ya usimamizi kwa miaka isiyopungua mitatu kabla ya kuitwa mhandisi mtaalamu. Lakini sehemu kubwa ya kazi ambazo akili ya kihandisi huzifaa haina bodi: programu za kompyuta, mitambo ya simu, uchambuzi wa takwimu benki, biashara ya vifaa. Raila Odinga alirudi Kenya mwaka 1970 na shahada ya uhandisi mitambo kutoka Magdeburg, Ujerumani Mashariki. Alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, akaanzisha kiwanda kilichokuja kujulikana kwa mitungi ya gesi, akawa naibu mkurugenzi wa Shirika la Viwango la Kenya, na baadaye akawa Waziri Mkuu. Kiwanda kilimpa mapato ambayo hayakutoka serikalini. Mpinzani yeyote wa serikali ajua thamani ya jambo hilo.

Sasa udaktari, ambao ndio kiini cha sura hii, na ambao una sifa kubwa kuliko inavyoeleweka na mipaka migumu kuliko inavyosemwa.

Sifa yake ya kwanza ni upana wa ndani. Hakuna shahada nyingine inayomruhusu mtu mmoja, kwa cheti kilekile cha mwanzo, kuwa mpasuaji wa ubongo, mtaalamu wa usingizi, daktari wa magonjwa ya akili, mchunguzi wa maiti, daktari wa watoto au mtaalamu wa mionzi. Kazi hizi zinatofautiana kuliko mwalimu anavyotofautiana na mhasibu. Mmoja hushika kisu, mwingine husikiliza, mwingine hakutani na mgonjwa aliye hai. Tatizo ni kwamba kila chumba kina ada yake ya kuingia: ubingwa Tanzania huchukua miaka mitatu au zaidi, na ubobezi huongeza mingine. Daktari bingwa wa macho aliyechoka na macho akiwa na miaka 42 hawezi kuhamia moyo bila kuanza tena kama mwanafunzi, akishika zamu za usiku na vijana aliowafundisha. Kadiri anavyopanda ndivyo njia zinavyopungua. Kwa mhasibu huwa kinyume: cheo kikubwa humfungulia biashara nyingi zaidi.

Sifa ya pili ni utawala wa afya, na hii mfumo wa Tanzania umeijenga ndani yake. Daktari kijana anayepelekwa wilayani anaweza, baada ya miaka michache, kujikuta mganga mfawidhi wa hospitali au mganga mkuu wa wilaya. Siku zake zinageuka: vikao vya bajeti, magari ya chanjo, dawa zilizochelewa kutoka Bohari ya Dawa, mkaguzi anayeuliza stakabadhi. Wengine huumia kwa kuikosa wodi. Wengine ndipo wanapojigundua. Njia hiyo ndiyo iliyowafikisha Watanzania mbali: Faustine Ndugulile, daktari aliyefanya kazi wizarani kabla ya kuwa mbunge wa Kigamboni na waziri, alichaguliwa Agosti 2024 kuwa mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, akafariki Novemba kabla ya kushika kiti. Aliyechaguliwa kuchukua nafasi hiyo Mei 2025 ni Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyeiongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kisha Hospitali ya Taifa Muhimbili.

Njia ya tatu ilikuwa pana kuliko zote kwa kizazi kizima, nayo ni miradi. Mfuko wa Dunia wa UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria ulipoanzishwa mwaka 2002 na mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI mwaka 2003, mashirika yalihitaji madaktari wa kuratibu, kusimamia takwimu, kufundisha na kuandika ripoti. Daktari aliyekuwa akishika zamu mkoani kwa mshahara wa serikali alihamia ofisi ya mradi, akapewa gari na mkataba wa mwaka. Wengi waliongeza shahada ya afya ya jamii na hawakurudi wodini tena. Ilionekana kwamba udaktari umepata wepesi uleule wa uhasibu. Kisha Januari 2025 Serikali ya Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Kenya, Uganda, Tanzania, miradi ikakatika katikati ya mkataba. Wapo waliogundua, wakiwa na watoto shuleni, kwamba kwa miaka kumi na mitano hawajazalisha mama wala kushona kidonda. Mhasibu wa mradi huohuo alipeleka barua za maombi kwenye viwanda, shule na benki. Daktari wa mradi alipeleka kwenye miradi iliyosalia, na ilikuwa michache.

Hapo gharama ya kurudi huonekana kwa macho. Leseni ya daktari huhuishwa kila mwaka, na baraza hudai pointi za mafunzo endelevu. Karatasi hiyo mtu aweza kuilinda hata akiwa ofisini. Mikono hailindwi kwa karatasi. Mwongozo wa kutibu malaria, shinikizo la damu au kifafa cha mimba hubadilika, dawa mpya huingia, na uamuzi wa haraka wa saa nane usiku hupotea kwa kutotumika. Mabaraza ya nchi nyingi humtaka daktari aliyekaa muda mrefu nje ya tiba afanye kazi kwanza chini ya usimamizi wa mwenzake, na yana haki ya kudai hivyo, kwa kuwa anayebeba hatari ya kosa ni mgonjwa.

Kutoka kabisa nje ya afya kunawezekana, na mfano bora ni Githinji Gitahi wa Kenya. Alihitimu udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi, akaingia kampuni ya dawa ya GlaxoSmithKline, akaongeza shahada ya uzamili ya biashara, kisha akahamia Nation Media Group, ambako alishughulikia masoko na kuiongoza kampuni ya Monitor nchini Uganda. Daktari akisimamia mauzo ya magazeti! Baadaye alikwenda shirika la Smile Train, na tangu mwaka 2015 anaongoza Amref, shirika ambalo lenyewe lilianzishwa mwaka 1957 na wapasuaji watatu waliotaka kuwafikia wagonjwa wa vijijini kwa ndege. Ukiifuatilia njia yake utaona daraja: kwanza dawa, ambako udaktari bado una thamani, kisha shahada ya pili, ndipo biashara isiyohusu afya. Mengi aliruka kutoka ukaguzi kwenda kalamu bila daraja lolote. Daktari anayetaka kuhama hana budi kulijenga, na lina gharama ya miaka na ada.

Wako waliochagua kutotoka, wakaongeza kazi ya pili juu ya ya kwanza, na pengine hao ndio walioutumia udaktari kwa busara zaidi. Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto Nairobi, akahudumia yatima waliozaliwa na virusi vya UKIMWI, na mwaka 1994 akachapisha riwaya ya The River and the Source, iliyopata Tuzo ya Jomo Kenyatta na tuzo ya Jumuiya ya Madola kwa kitabu cha kwanza Afrika. Wanafunzi wa sekondari wa Kenya waliisoma kwa mtihani bila kujua kwamba mwandishi wake yuko kliniki. Alibaki daktari hadi alipofariki mwaka 2011. Yusuf Dawood, mpasuaji, aliandika safu ya gazeti la Sunday Nation kwa zaidi ya miaka 30, akichota hadithi kutoka chumba cha upasuaji. Kwa hao uandishi ulilishwa na wodi.

Siasa nayo huwapokea madaktari, mara nyingi kwa kupitia afya. Hussein Mwinyi alisoma udaktari Chuo Kikuu cha Marmara, Uturuki, na alipoingia bungeni mwaka 2000 uwaziri wake wa kwanza ulikuwa unaibu katika wizara ya afya. Ulinzi ukafuata, na mwaka 2020 urais wa Zanzibar. Denis Mukwege wa Bukavu aliupata udaktari Bujumbura mwaka 1983, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake baada ya kuona kina mama wakifa kwa uzazi katika hospitali ya Lemera. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, akashona miili ya wanawake waliobakwa vitani, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Dunia nzima ilimsikiliza. Desemba 2023 aligombea urais wa Kongo na kupata chini ya asilimia moja ya kura. Heshima ya daktari ni kubwa, na ina mahali inapoishia.

Kuna wanaosema udaktari ndio pasipoti, kwa kuwa wagonjwa wako kila nchi. Ni kweli kwa nusu. Mtanzania au Mkenya anayetaka kutibu Uingereza hufanya mtihani wa PLAB, na sehemu yake ya pili hufanyika Manchester tu, kwa hiyo viza na nauli hulipwa kabla ya ajira. Marekani hudai mitihani ya USMLE kisha, kwa kawaida, kurudia mafunzo ya ubingwa, hata kwa mtu aliyekuwa bingwa kwao. Oman, Qatar na Saudia huhakiki vyeti hadi chuo vilikotoka na kuweka mtihani juu. Mwanasheria yuko pabaya zaidi kwa kuwa sheria za nchi yake haziendi naye. Humsaidia tu kwamba Kenya, Uganda, Tanzania na Uingereza zina mzizi mmoja wa sheria. Anayesafiri kwa raha ni mhasibu. Kenya ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya hesabu mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2004, na ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki bodi za wahasibu na za wasanifu majengo zilitia saini makubaliano ya kutambuana mwaka 2011, wahandisi mwaka 2012.

Lipo bado suala la lango la utarajali, ambalo halina mfano katika uhasibu. Mhasibu huchagua kampuni ya kujifunzia, na zipo nyingi. Daktari tarajali hupangiwa na serikali, kwenye hospitali iliyoidhinishwa, na bila mwaka huo hakuna leseni. Serikali ikikosa fedha, kijana amesimama njiani na shahada isiyomruhusu kuandika hata dawa. Madaktari wa Kenya waligoma siku 56 kuanzia Machi hadi Mei 2024, na moja ya hoja kubwa ilikuwa malipo ya watarajali: mkataba wa 2017 ulitaja shilingi 206,400 kwa mwezi, serikali ikataka kulipa 70,000. Aliyeitaka leseni hakuwa na mlango wa pili wa kubisha.

Haya yote huamuliwa mapema mno. Kijana wa Tanzania huchagua tahasusi akitoka kidato cha nne. Akichukua PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, anaweza kwenda udaktari, na akibadili mawazo, vyuo vingi vitampokea kusoma sheria. Akichukua HKL, yaani historia, Kiswahili na Kiingereza, udaktari umekwisha, labda arudi kufanya mitihani ya sayansi au aanzie stashahada ya utabibu, ikiwa alifaulu masomo hayo ya sayansi kidato cha nne. Kisha huja Bodi ya Mikopo, ambayo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa mnufaika. Mkopo wa miaka mitano ya udaktari hauwi mwepesi kwa sababu mdaiwa amegundua anapenda muziki.

Kwa hiyo mzazi anayemsukuma mtoto asiye na hamu ya wodi kwenye udaktari, akiamini kwamba akishindwa atafanya kingine, anakosea kuhesabu. Kwa mtoto asiyejua anataka nini, uhasibu au sheria vitamvumilia zaidi. Kwa mtoto anayetaka wagonjwa, udaktari una vyumba vya kumtosha maisha yote, na mengine ataongeza akiwa ndani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, humruhusu daktari wa Songea kusoma sheria jioni bila kuacha kazi. Wakili wa Songea akitaka kuwa daktari, chuo hicho hakina kozi ya kumpa. Itambidi afunge ofisi na kuhamia mji wenye hospitali ya kufundishia kwa miaka mitano.